Kadi ya Heshima, Sehemu ya Tisa: Mkasi wa Nduta

Mkasi ulikuwa mkononi mwa Nduta tulipoachana juma lililopita, nawe msomaji ulibaki ukijiuliza: huyu karani wa duka la majeneza anataka kukata nini?

Alikata kadi.

Hakuomba radhi kwanza. Aliilaza simu mezani bila kuifunga, akaishika kadi ya benki ya Caleb Owuor kama mtu anayeshika panya kwa mkia, akaipitisha kati ya meno ya mkasi. Kacha! Zikawa mbili. "Caleb" upande huu, "Owuor" upande ule.

"Dada! Umefanya nini?"

"Nimeambiwa nikate."

"Na nani?"

"Na wenyewe." Akaionyesha simu kwa kidevu.

"Mwenyewe ni mimi! Soma! Si jina langu hilo?"

"Jina ni lako, kaka. Kadi ni yao."

Kando ya Caleb alisimama baba yake mdogo, Mzee Phares, aliyefika asubuhi ile kwa treni ya Kisumu. Akaikaribia meza, akaviangalia vipande vile, akamwangalia Nduta.

"Msichana, leta gundi."

"Gundi, mzee?"

"Sisi tuliingia hapa na kitu kizima. Wewe umekivunja. Kiunganishe, kisha utuandikie risiti, tumchukue marehemu twende."

Nduta hakucheka. Kazi yake ilimzoeza watu wa kila namna: wanaolia, wanaozirai, wanaobishana juu ya rangi ya kitambaa. Aliviweka vipande ndani ya bahasha, akailamba, akaifunga.

Nyuma yao, juu ya stuli mbili, jeneza la Mzee Johnson lilingoja. Lilikuwa la mninga, lenye kidirisha cha kioo na vishikio vya shaba, na jina lilikwisha kuchongwa. Mwenyewe Mzee Johnson, baba yake Caleb, alikuwa bado chumba cha maiti, huko alikolala tangu alipokata roho kitandani mwa mwanawe, mtaa wa Tena. Kesho, Alhamisi, ilimpasa aondoke Nairobi. Jumamosi ilimpasa awe ndani ya ardhi ya Siaya, kando ya mke wake, mahali alipopaonyesha mwenyewe kwa fimbo akiwa hai.

Na kati ya mzee na mahali pale palibaki kitu kimoja tu: kulipia jeneza na gari.

"Piga tena simu," Caleb alisema. "Waambie ni msiba. Waambie mimi ni mtu wa kulipa. Sijakosa mwezi hata mmoja!"

"Hawajakata. Wako hapa hapa." Nduta akamsukumia simu. "Zungumza nao."

Mkewe Roseline, aliyekuwa kimya tangu walipoingia, akasogea. Phares naye akasogea. Vichwa vitatu vikazunguka simu moja.

"Halo! Mimi ni Caleb Owuor!"

"Naitwa Wangeci, Bwana Owuor, ofisi ya kadi. Pole kwa msiba. Karani ameniambia."

Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, ya upole, na upole ule ukampa Caleb matumaini. Msomaji, mara nyingi upole ndio mbaya. Mtu mkali bado ana jambo la kubishana nawe.

"Mama Wangeci, kuna makosa. Mimi nalipa kila mwezi. Mkiniletea karatasi, nalipa kesho yake."

"Ni kweli. Unalipa kiasi cha chini."

"Si ndicho mlichokiandika?"

"Tumeandika viwili, Bwana Owuor. Tumeandika deni lote, na chini yake tumeandika kiasi ambacho ukipungukiwa kabisa unaweza kulipa ili tusikufuate. Wewe umekuwa ukilipa hicho cha chini tu."

"Nilidhani ndicho cha mwezi. Kama kodi ya nyumba. Ukilipa ya mwezi, mwezi umekwisha."

"Haukwishi. Deni linalobaki linatozwa riba. Mwezi unaofuata riba nayo inatozwa riba, na wewe bado unaweka sahihi madukani."

"Lakini yale magodoro ya Krismasi nimeyalipia tangu Krismasi! Sasa yamelala kama chapati!"

"Magodoro yamezeeka, Bwana Owuor. Deni lake bado changa."

Nduta alijifanya kupanga risiti. Roseline alifumba macho.

"Na kile kikomo?" Caleb hakutaka kuliachilia tumaini. "Mlinipa kikomo kikubwa cha kukopa. Mlinisifu. Mlisema mnaniamini!"

"Kikomo ni ukingo. Tulikuonyesha ili ujue mahali pa kusimama. Wewe ulidhani ni mahali pa kufika." Akapumua. "Naona majiko mawili. Naona viatu vya watoto, jozi nyingi kuliko watoto wako. Naona mabati, bando tano..."

"Mabati?" Roseline alifumbua macho. "Sisi tunakaa nyumba ya kupanga. Mabati ya nani?"

Mzee Phares aligeuka ghafla kukagua vishikio vya jeneza. Akavigonga kwa ukucha, ti, ti, kama mnunuzi mzoefu.

"Baba," Roseline alisema polepole, "ile nyumba yako mpya, ambayo wageni wa matanga watalala..."

"Tungoje maksai wangu wanenepe," Phares alisema bila kugeuka. "Mtu hauzi maksai aliyekonda."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Caleb alikuwa karani wa bohari kiwandani, Industrial Area, wa kwanza katika ukoo wake kupewa kadi. Kila aliyekuwa na haja alimjia. Jirani akitaka jiko, Caleb aliweka sahihi. Mtu wa kwao akitaka viatu vya mtoto, Caleb aliweka sahihi. Wote walisema watamrudishia, naye hakudai, maana mtu mwenye heshima hadai wajukuu wa babu yake. Kumbe kila sahihi ilikuwa mkopo, na mkopo wote ulikuwa wake peke yake.

"Mama Wangeci," Caleb alisema, na sasa alikuwa akiomba. "Niongezee kidogo tu. Hili tu. Nimzike baba yangu, kisha mniuze mimi mwenyewe mkitaka."

"Hata mimi nilimzika baba yangu mwaka jana. Ningekuwa na uwezo ningefanya. Sina."

"Nani anao?"

"Hakuna. Hapa ulipofika hakuna mwenye uwezo. Deni linakwenda kwa mdhamini wako sasa."

Caleb aliuma mdomo. "Mativo?"

"Ndiye. Na kuna jambo nimelishangaa. Naona Bwana Mativo naye ana kadi yetu, na mdhamini wake ni wewe."

"Ndiyo. Tuko bohari moja, na kanisa moja pale Shauri Moyo. Yeye alinitilia sahihi, nami nikamtilia. Ndugu katika Bwana hawawezi kukataliana."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa upande wa pili.

"Hilo halikupaswa kupita hapa kwetu," Wangeci alisema mwishowe. "Watu wawili wako mtoni, kila mmoja amemshika mwenzake shati, na wote wanadhani wameshika mti. Sikiliza. Sikupaswa kukuambia, lakini utaambiwa tu. Kesho saa mbili na nusu nikifungua ofisi, kadi yake nayo inafungwa. Na deni lako analibeba yeye. Mwombe radhi kabla hajalisikia kwetu."

"Mama, Mativo anastaafu Desemba!"

"Najua. Kiinua mgongo chake ndicho kilichoandikwa hapa kuwa dhamana."

Simu ikakatika. Caleb aliendelea kuishika sikioni, akiisikiliza ikilia ng'oo, ng'oo, hadi Nduta alipoichukua mkononi mwake taratibu.

"Kaka, jeneza nitalihifadhi mpaka kesho asubuhi. Zaidi ya hapo mkubwa wangu hatakubali. Sisi tunafungua saa moja, kwa sababu ya magari yanayokwenda mbali."

Phares aligeuka. Macho yake yalikuwa yameng'aa.

"Saa moja?"

"Saa moja kamili, mzee."

"Na yule mama wa simu anafungua saa mbili na nusu?"

Roseline alimshika mume wake mkono, akamtoa nje.

Pale barabarani, kando ya gari la maiti lililokuwa likioshwa, Phares aliwafikia.

"Caleb, mwanangu. Huyo Mativo anakupenda?"

"Baba, usiseme."

"Nauliza tu. Ana kadi, nzima, hadi kesho saa mbili na nusu. Kaka yangu yuko ndani ya droo ya chuma kama samaki. Mimi sijasema kitu. Nimeuliza kama anakupenda."

"Ni wizi," Roseline alisema.

"Wizi ni kuchukua. Huku ni kupewa."

"Ni kupewa na mtu asiyejua anachokitoa. Baba Adhiambo, nitazame." Akamgeuza mumewe uso. "Niapie."

Caleb akaapa. Kwa jina la Mungu aliye hai, kadi ya Mativo hataigusa, na leo hii atamweleza kila kitu. Aliapa kwa moyo wote, na alipoapa alisikia mzigo ukipungua kidogo. Kumbe mzigo ulikuwa umekwenda tu kumngojea nyumbani.

* * *

Jioni ile nyumba ya Tena ilijaa watu hadi ngazini. Wanawake walikuwa wakisonga ugali wa unga wa njano, ule wa msaada uliokuja kwa sababu ya ukame, wakiusengenya huku wakiusonga. Viti vya kukodi vilipangwa hadi kwenye uzio. Cherehani ya Roseline, ambayo ndiyo iliyowalisha miezi ambayo mshahara haukutosha, ilisukumwa pembeni ikafunikwa kitambaa, na juu yake pakawekwa picha ya Mzee Johnson mwenye tai.

Juu ya meza palikuwa na beseni la bati.

Beseni lile halihitaji kuelezwa kwa mtu wa mtaani. Mtu akifiwa, wa kwao hukusanyika, beseni huwekwa, leso hutandazwa juu, na kila mmoja hupita akiingiza mkono chini ya leso ili asionekane ametoa kiasi gani. Hakuna maiti wa kwao aliyewahi kushindwa kutoka Nairobi kwa sababu beseni lilikuwepo.

Lakini Jumapili iliyopita, mbele ya umati kama huu, Caleb alikuwa amesimama, akaliinua beseni, akaligeuza kifudifudi juu ya meza. Akachomoa kadi mfukoni, akaiinua kama refa.

"Leo beseni lipumzike," alisema. "Rudisheni pesa zenu mifukoni. Baba yangu atasafirishwa na hii."

Walimpigia makofi. Wengine walitaka kuishika. Mama mmoja aliipitisha shavuni mwa mtoto wake ili apate bahati.

Sasa Caleb alilishika beseni lile lile kwa mikono miwili, akaligeuza likatazama juu. Mlio wa bati ulinyamazisha nyumba yote.

"Ndugu zangu. Jumapili nilisema neno. Nimekuja kulirudisha."

Akawaeleza. Sio yote, maana ulimi ulikuwa mzito, lakini akasema kadi imekatwa, jeneza halijalipwa, gari halijalipwa, na yeye hana kitu.

Kimya. Kisha fundi mmoja wa masanduku kutoka Shauri Moyo, mtu asiyeweza kuona kimya akakiacha, akasema kutoka dirishani:

"Kwani kadi yenyewe ndiyo imekufa? Basi tuna maiti wawili!"

Baadhi walicheka, wakaona aibu, wakakohoa.

"Jumapili ulisema haichoki, bana!" mwingine akasema. "Nilikuwa na noti mkononi. Mkono huu! Ukanirudisha kama mtoto aliyeleta sadaka ya senti."

"Nimekosa," Caleb alisema.

"Kukosa si neno." Aliyesimama sasa alikuwa Benta, mweka hazina wa watu wa kwao, mama mwenye duka la mitumba soko la Gikomba. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Caleb zaidi. "Baba Adhiambo, nisikilize vizuri, usije ukasema tumekunyima. Jumatatu tulifiwa tena. Yule mjane wa Makongeni alipoteza mtoto wake. Tukasema, Caleb amejitosheleza, Mungu amebariki, mchango wote tulioutayarisha uende kwa mjane. Ukaenda. Mtoto amezikwa leo mchana. Mfuko ni mtupu, na ni katikati ya mwezi."

"Hata kidogo, dada?"

"Tutatoa. Nani amesema hatutatoa? Lakini tutatoa kilichobaki."

Wakapita. Leso ikapanda na kushuka. Kulikuwa na sarafu nyingi kuliko noti, nazo zililia ndani ya bati, na kila mlio Caleb aliusikia kwenye meno. Benta alihesabu akimpa watu mgongo. Alipogeuka, hakutaja hesabu.

"Zitamfikisha mzee Naivasha," alisema kwa sauti ya chini. "Labda Nakuru, dereva akiwa mtu wa Mungu."

"Kaka yangu hana shamba Nakuru!" Phares alifoka.

"Fundi Shauri Moyo atatugongea jeneza la mbao nyepesi," mtu akasema.

"Na gari je? Jeneza litatembea?"

Roseline alisimama. "Kuna cherehani."

Benta aliitazama, akatikisa kichwa. "Cherehani ni ya kuwalisha watoto, mama. Na hata ukiiuza usiku huu, utapewa bei ya mwenye shida. Haitoshi. Usiue ng'ombe kwa ajili ya mkia."

Hapo ndipo mtu mmoja pembeni alipoinua mkono. "Ssh! Ssh! Redio!"

Habari zilikuwa zimekwisha, na matangazo ya vifo yalianza. Watu waliinama. Mtangazaji alisoma jina moja, la pili, halafu:

"...kifo cha Mzee Johnson, baba mpendwa wa Caleb Owuor wa Industrial Area, Nairobi. Mwili utaondoka Nairobi kesho Alhamisi asubuhi, na mazishi yatafanyika Jumamosi nyumbani kwake. Habari hizi ziwafikie..."

Zikawafikia. Zikafika Mombasa, zikafika Kisumu, zikafika kwa dada za marehemu waliokuwa wakifunga mizigo. Nchi nzima sasa ilijua kwamba kesho mzee anaondoka, isipokuwa mzee mwenyewe hakuwa na gari.

Caleb alitoka akasimama nyuma ya nyumba, karibu na matangi ya maji. Alijaribu kuomba. Aliona maneno yote aliyoyajua ya maombi yalikuwa ya shukrani, kwa kuwa tangu apate kadi alikuwa ameshukuru tu. Sasa hakujua aombe nini. Akasema, "Bwana." Akanyamaza. Akasema tena, "Bwana." Ndiyo yaliyokuwa maombi yake yote.

"Ndugu Caleb."

Aliijua sauti ile kwa miaka.

Mativo alikuwa mtu mfupi, mwenye mvi kichwani na koti la bohari lililopigwa pasi. Alikuwa shemasi, na hakuwahi kuchelewa kazini wala kanisani. Alimshika Caleb mabegani.

"Pole, ndugu yangu. Nimechelewa, tulikuwa tukihesabu shehena. Nimeambiwa pale mlangoni kwamba kadi imekataa."

"Mativo, nina neno la kukuambia."

"Utaniambia. Kwanza tuingie."

"Hapana, ni hapa. Ni neno gumu. Ni juu ya sahihi yako..."

"Kumbe mko huku!" Phares alijitokeza gizani kana kwamba ukuta ulimzaa. Akamshika Mativo mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. "Huyu ndiye Mativo? Rafiki wa kweli wa mwanangu? Karibu, mgeni wetu, ingia! Watu wanakungoja!"

"Baba, tuache kidogo..."

"Mgeni hasimamishwi nje msibani! Huko ni kwa watu gani?"

Akamvuta. Caleb akafuata nyuma yao na neno lake.

Ndani, Mativo hakukaa. Alivua kofia, akatazama picha ya mzee, akatazama beseni.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Mimi si wa ukoo huu. Mimi ni Mkamba. Lakini huyu Caleb ni ndugu yangu. Miaka mitatu iliyopita alinipeleka benki, akaniambia, Mativo, nawe jiandikishe, siku ya shida kadi itasimama mahali pako. Nikajiandikisha. Yeye akanidhamini." Akatoa leso kutoka mfuko wa ndani, akaifungua pembe moja, ya pili. Ndani yake kadi ilikuwa ikimetameta, haina hata mkwaruzo. "Sijaigusa tangu siku hiyo. Nimeiweka akiba. Nilijua pesa zangu ziko humu zinaongezeka, zinangoja siku yake."

Akiba! Mativo alidhani ni akiba. Na ni nani aliyemfundisha hivyo, kama si Caleb?

"Nadhani siku yake ni leo," Mativo alisema.

Akaidondosha kadi ndani ya beseni. Ikalia kidogo sana, ti, juu ya sarafu.

Nyumba ikalipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Benta alijifunika uso kwa leso akalia. Fundi wa masanduku alimpigia Mativo saluti kutoka dirishani. "Kesho saa moja!" Phares alipaza sauti. "Saa moja asubuhi tuko dukani! Mungu amejibu!"

Sasa, msomaji, mtazame Caleb. Usimcheke upesi. Ana kiapo upande huu, na baba upande ule. Akisema kweli, Mzee Johnson analala chumba cha maiti, na dada zake watasimama barabarani Siaya wakingoja gari lisilokuja. Akinyamaza, mzee atazikwa kwa heshima, na Mativo, atakaporudi kazini Ijumaa, ataambiwa kwamba ana madeni mawili, lake na la Caleb, na kwamba nyumba aliyotaka kuijenga Ukambani baada ya Desemba imekwisha kuliwa.

"Mativo," Caleb alisema. "Mativo, ngoja."

"Wimbo!" Phares alinguruma, akamkanyaga mguu. Akaanza mwenyewe kwa sauti nene, na watu wote wakamwitikia, wakasimama, wakapiga makofi.

Caleb alifungua mdomo alitoe lile neno. Mbele yake Mativo alikuwa akiimba macho yamefumbwa, machozi yakimshuka, uso wake una furaha ya mtu aliyetoa sadaka njema.

Na mdomo wa Caleb, ukiwa wazi, ukaimba.

Aliisikia sauti yake ikiingia ndani ya zile nyingine. Alitaka kuizuia, akashindwa. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, naye alikuwa bado anaimba.

Mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile hakuimba.

Roseline aliondoka ukutani alipokuwa ameegemea. Alipita katikati ya watu, nao wakampisha wakidhani anakwenda kumshukuru mgeni. Hakumfikia mgeni. Alisimama mezani, akaingiza mkono ndani ya beseni, akaitoa kadi.

Kisha akaiendea cherehani. Akaichukua picha ya Mzee Johnson, akaibusu, akaiweka chini taratibu ikiegemea ukuta. Akafunua kitambaa.

Akavuta droo.

Wimbo ulianza kukatika, mtu mmoja mmoja, hadi ikabaki sauti ya Phares peke yake, nayo ikafa.

"Mama Adhiambo," mzee alisema kwa kunong'ona. "Mama, rudisha hicho kitu. Ni kaka yangu. Ni baba wa mume wako. Ukikata hiyo, umemwacha njiani."

Roseline hakumtazama. Alimtazama mumewe. Katika mkono wa kushoto alishika kadi ya Mativo, na katika wa kulia mkasi wake wa kushonea, meno yakiwa wazi.

"Utamwambia wewe, Baba Adhiambo," alisema, "au nikate kwanza?"